Namba Iliyobaki Nyuma: Jinsi Toleo Langu 1.4.0 Lilivyojiita 1.3.2

Kwa miaka minne sasa ninatunza maktaba ndogo ya Python, yaani mkusanyiko wa msimbo ambao programu nyingine huuazima, inayokadiria nyakati za maji kujaa na kupwa katika pwani ya Tanga. Ni programu huria, kwa hiyo yeyote anaweza kuichukua, kuisoma, kuibadilisha na kuitumia bila kunilipa. Mchana ninashika hesabu za ofisi moja hapa Chumbageni, na maktaba hii naifanyia kazi usiku baada ya watoto kulala. Ninaandika haya kwa ajili ya mtu mwingine anayetunza kazi ya namna hiyo peke yake, ambaye hana timu ya kumkagua, na ambaye siku moja atatoa toleo lenye namba isiyo sahihi kama nilivyotoa mimi.

Toleo 1.4.0 lilikuwa na kazi moja kubwa. Matoleo yaliyotangulia yalikokotoa maji kwa saa za Greenwich, kisha yakaiachia kompyuta yenyewe igeuze kwenda saa za Afrika Mashariki, ambazo ziko mbele kwa saa tatu. Kompyuta iliyowekwa saa za hapa ilitoa jibu sahihi, lakini iliyoachwa kwenye saa za Greenwich ilitoa jibu lililopungua saa tatu. Wakati wa bamvua, yaani siku za maji makubwa mwezi unapojaa au kuandama, katika pwani yetu maji hupwa kabisa majira ya saa nne au saa tano asubuhi. Mkulima wa mwani aliyeambiwa saa moja hufika akakuta kamba zake bado zimefunikwa, akakaa ufukweni akisubiri ilhali nyumbani ameacha kazi. Katika toleo hilo nilirekebisha hesabu hiyo na nikaongeza uwezo wa mtumiaji kutaja mwenyewe majira ya mahali alipo. Kwa kuwa kulikuwa na jambo jipya lisilovunja matumizi ya zamani, namba ya katikati ndiyo iliyostahili kupanda: kutoka 1.3.2 kwenda 1.4.0.

Nilitoa toleo hilo Alhamisi usiku, mwishoni mwa kaskazi, siku chache kabla ya bamvua. Nililiharakisha kwa makusudi, kwa sababu nilitaka marekebisho yawafikie watu kabla ya maji makubwa, na sijutii nia hiyo. Ninachojutia ni kwamba namba ya toleo katika mradi wangu ilikuwa imeandikwa mahali patatu. Ilikuwa kwenye faili la pyproject.toml, ambalo ndilo linalokiambia kifurushi kijiite nani, kwenye faili la __init__.py, ambalo programu husoma inapoulizwa toleo lake wakati inafanya kazi, na kwenye daftari la mabadiliko ambalo watu husoma kwa macho. Nilibadilisha la kwanza na la tatu. La katikati nililisahau. Majaribio yote yalipita, kwa kuwa hakuna jaribio hata moja nililokuwa nimeandika la kuiuliza maktaba namba yake. Niliweka tagi, yaani alama ya jina inayobandikwa kwenye hali moja ya msimbo, katika Git, chombo kinachotunza historia ya msimbo, nikajenga kifurushi, nikakipandisha PyPI, ghala ambamo watumiaji wa Python duniani kote huchukua vifurushi, kisha nikalala.

Asubuhi ya Ijumaa simu iliita kabla sijafika kazini. Alikuwa kijana anayeendesha mfumo wa kuwatumia akinamama wa mwani ujumbe mfupi wa simu kuhusu maji, katika vijiji vya mwambao wa Mkinga.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba, mdogo wangu. Habari za asubuhi?"

"Si nzuri sana. Nimeweka toleo jipya tangu jana usiku, lakini lenyewe linaniambia ni 1.3.2. Na mimi nimeufunga mfumo usitume ujumbe wowote mpaka uone 1.4.0, maana nilijua lile la zamani lina kosa la saa tatu."

Alikuwa amefanya kitu cha busara kabisa. Kompyuta yake ndogo, aliyoiacha kwenye saa za Greenwich, ndiyo hasa iliyokuwa ikitoa saa zisizo sahihi, naye aliona afadhali kunyamaza kuliko kumpeleka mtu baharini kwa saa ya uongo. Mimi sikumsikiliza kama ilivyonipasa. Nilifungua kompyuta yangu, nikaandika amri ya pip show, inayotaja toleo la kifurushi kilichowekwa, nikaona 1.4.0, nikamwambia kwamba tatizo liko kwake. Nilimwambia afute aweke upya. Alipofanya hivyo akaona 1.3.2 ileile, nikamwambia asafishe akiba ya vifurushi vilivyopakuliwa zamani. Jioni nikamwambia atengeneze mazingira mapya ya Python kuanzia mwanzo. Jumamosi asubuhi nilikuwa nimeshaanza kushuku kwamba ana Python mbili ndani ya kompyuta moja na kwamba anauliza moja huku akiweka kwenye nyingine. Tatizo hilo lipo kweli, tena ni la kawaida, na kwa sababu ni la kawaida nilishawishika kirahisi kwamba nimelipata.

Wakati huo wote kulikuwa na hasara nyingine ambayo hakuna kati yetu aliyeiona. Mfumo wake ulikuwa umepangwa kwamba ukikuta toleo la zamani unalifuta na kupakua upya, pamoja na kila kinachotegemewa na maktaba yangu, bila kutumia akiba. Maktaba yangu yenyewe ni nyepesi, lakini inategemea NumPy kwa ajili ya hesabu, na hiyo ina uzito wa megabaiti nyingi. Mfumo ulijaribu kila baada ya dakika kumi, ukapakua, ukauliza toleo, ukajibiwa 1.3.2, ukafuta, ukaanza tena. Jumamosi alasiri bando lake la wiki la gigabaiti tano lilikwisha. Nilimrudishia fedha ya bando siku ileile, lakini kilichoniuma zaidi ni kwamba kompyuta ilikuwa ikihangaika usiku na mchana kutafuta kitu ambacho tayari ilikuwa nacho.

Ukweli niliupata Jumamosi usiku, na niliupata kwa njia ambayo ningepaswa kuianza Ijumaa asubuhi. Niliacha kuiuliza kompyuta yangu, nikapakua kifurushi kilekile ambacho yeye alikipakua kutoka kwenye ghala, nikakifungua nikione kwa macho. Faili la kifurushi cha Python lenye mwisho wa .whl si kitu cha ajabu, kwani ni faili la zip tu, na programu yoyote ya kufungua zip hulifungua. Ndani yake nilikuta folda ya maelezo ya kifurushi iliyoandikwa 1.4.0, na pembeni yake folda ya msimbo wangu ambamo __init__.py inasema 1.3.2. Amri niliyoitumia mimi ilisoma ya kwanza, naye alikuwa akisoma ya pili. Kwa siku mbili tulikuwa watu wawili mbele ya gunia moja, mmoja akisoma lebo iliyoshonwa nje na mwingine akisoma karatasi iliyowekwa ndani, kila mmoja akisema kweli. Msimbo wa hesabu ulikuwa mpya na sahihi. Jina tu ndilo lilikuwa la zamani.

Kwa hiyo kama mtu atakuletea taarifa ya namba isiyolingana, kabla ya kumwambia afute chochote, muulize ameipata namba hiyo kwa amri gani, kisha uandike amri hiyohiyo, herufi kwa herufi, juu ya kifurushi kilichotoka ghalani na si juu ya folda yako ya kazi. Folda ya kazi hudanganya kwa namna nyingi. Ukiwa umeiweka maktaba yako katika hali ya kuharirika, yaani isomwe moja kwa moja kutoka kwenye folda hiyo, kwa mfano, maelezo yake ya toleo huandikwa siku uliyoiweka na hubaki vilevile hata ukibadilisha namba mara kumi, mpaka uiweke upya.

Baada ya kugundua kosa ndipo nilipofanya kosa kubwa kuliko lile la kwanza. Niliona aibu. Niliwaza kwamba watumiaji ni wachache, kwamba ni usiku, na kwamba nikibadilisha mstari mmoja tu na kulirudisha toleo mahali pake kwa jina lilelile la 1.4.0, hakuna atakayejua. Nikasahihisha __init__.py. Nikaing'oa tagi ya 1.4.0 kutoka kwenye hali ya msimbo ya Alhamisi, nikaipachika kwenye hali mpya, nikaisukuma kwa nguvu hadi kwenye hazina ya mradi, mahali pa mtandaoni panapohifadhiwa msimbo wenyewe. Nikajenga kifurushi na kukipandisha. Ghala likakataa, likisema kwamba faili la jina hilo limekwishatumika. Nikafuta toleo zima la 1.4.0 kutoka ghalani, nikapandisha tena. Likakataa tena, kwa sababu PyPI hairuhusu jina la faili kutumika mara ya pili hata kama faili la kwanza limefutwa, na kilichofutwa hakirudishwi.

Ilikuwa saa tisa usiku. Kabla ya hapo nilikuwa na toleo lililofanya kazi vizuri likiwa na namba isiyo sahihi ndani yake. Sasa sikuwa na toleo kabisa. Yeyote aliyeandika katika mradi wake kwamba anahitaji 1.4.0 hasa, si juu wala chini, alikuwa ataamka na kukuta mradi wake haujengeki. Na katika hazina ya Git kulikuwa na tagi moja yenye maana mbili, kwa sababu aliyekuwa ameichukua Ijumaa alibaki na ile ya zamani. Git haibadilishi kimyakimya tagi ambayo mtu tayari anayo, na inafanya vyema kutobadilisha. Watu wawili wangeweza kujenga 1.4.0, kila mmoja kwa uaminifu, na kupata vitu viwili tofauti.

Jumapili mchana nilimpigia kaka mmoja aliyeko Dar es Salaam, ambaye kwa miaka mingi ameandaa vifurushi vya Debian, mfumo huria wa kuendeshea kompyuta, na ambaye nilimfahamu kwa kubishana naye kuhusu jambo jingine kabisa. Nilimweleza yote, pamoja na sehemu niliyotaka kuificha. Hakunikaripia.

"Dada, usijaribu kulifufua," alisema. "Namba iliyokwisha kutoka haina mwenyewe tena, ni mali ya waliokwisha kuichukua. Irudishe tagi ilipokuwa, toa 1.4.1, kisha uwaambie watu ukweli."

Aliniambia nisome tena kanuni za namba za matoleo zilizoandikwa na Tom Preston-Werner, mmoja wa waanzilishi wa GitHub, tovuti ya kuhifadhia miradi ya msimbo. Mimi nilizijua kwa ile sehemu ya namba tatu tu: ya kwanza kwa mabadiliko yanayovunja, ya pili kwa nyongeza, ya tatu kwa marekebisho. Kumbe kanuni ya tatu katika orodha hiyo inasema waziwazi kwamba toleo likishatolewa yaliyomo ndani yake hayaruhusiwi kubadilishwa, na kwamba badiliko lolote litolewe kama toleo jipya. Hata mwongozo wa Git, katika maelezo ya amri ya tagi, una sehemu nzima kwa ajili ya mtu aliyeweka tagi mahali pasipo pake, na shauri lake kwa aliyekwisha kuisukuma ni akiri kosa na kutumia jina jingine. Maneno hayo yalikuwapo miaka yote, nami nilikuwa nayapita.

Alinieleza pia kwamba katika Debian wamekutana na jambo hili kiasi kwamba wameliwekea mlango rasmi. Mtu akitoa kwa bahati mbaya namba iliyo kubwa mno, tuseme 20 badala ya 2.0, namba zote sahihi zinazofuata huonekana ndogo kuliko lile kosa, na kompyuta za watumiaji hazitazikubali kama mapya. Debian hutanguliza tarakimu nyingine na nukta mbili mbele ya namba, kwa mfano 1:2.1, na hiyo hushinda kila kilichotangulia. Tarakimu hiyo ikishawekwa haiondoki tena katika maisha yote ya kifurushi. Nilipolisikia hilo nilishukuru kwamba namba yangu ilibaki nyuma na haikuruka mbele, kwa maana iliyobaki nyuma hutibika kwa kupanda hatua moja.

Kulikuwa na njia halali ambayo sikuijua, nayo ingenisaidia sana. Tangu mwaka 2019 kuna utaratibu katika ulimwengu wa Python, uitwao PEP 592, unaomruhusu mtunzaji kuliwekea toleo alama ya kuondolewa bila kulifuta. Toleo lenye alama hiyo halichaguliwi tena na mtu anayeweka upya bila kutaja namba, ila aliyelitaja kwa jina kamili bado hulipata, pamoja na onyo. Laiti ningeiwekea 1.4.0 alama hiyo Jumamosi usiku na kutoa 1.4.1 papo hapo, kazi yote ingechukua dakika kumi na tano na hakuna mradi wa mtu ambao ungevunjika. Kwa mradi wowote wenye watumiaji hata watatu, ningeshauri kitufe cha kufuta kisahauliwe kabisa.

Jioni ya Jumapili niliirudisha tagi kwenye hali ya msimbo ya Alhamisi. Hapo ningepaswa kubadilisha namba kwa mkono mahali patatu na kumaliza. Badala yake niliamua kung'oa mzizi wa tatizo usiku uleule. Nilisoma kuhusu setuptools_scm, chombo kinachoichukua namba ya toleo moja kwa moja kutoka kwenye tagi ya Git ili isiandikwe mahali popote, nikakiweka, nikaiagiza seva ya kujengea, yaani kompyuta ya mtandaoni inayojenga vifurushi yenyewe, iniandalie kifurushi. Seva ikajenga toleo lililojiita 0.1.dev1, likifuatiwa na alama ya kujumlisha na herufi za utambulisho wa hali ya msimbo. Kama ghala lisingelikataa, ningekuwa nimetoa namba mbovu ya pili ndani ya siku nne. Lilikataa kwa sababu PyPI haipokei namba zenye alama ya kujumlisha.

Nilipoteza saa tatu kutafuta sababu, nayo ni hii, kwa faida ya atakayekutana nayo: seva nyingi za kujengea huchukua hali ya mwisho tu ya msimbo, bila historia na bila tagi, ili kuokoa muda. Chombo kinachotegemea tagi kisipoikuta yoyote hudhani kwamba mradi umeanza leo. Katika GitHub Actions, huduma ya kujengea ya GitHub, dawa yake ni kuiambia hatua ya kuchukua msimbo kwamba fetch-depth iwe 0, yaani ilete historia yote. Ni mstari mmoja. Lakini saa nne ya usiku wa Jumapili, ukiwa umechoka na kuna watu wanaokusubiri, mstari mmoja usioujua ni bahari nzima. Nikaondoa chombo hicho, nikaandika 1.4.1 kwa mkono mahali patatu, nikajenga upya. Amri yangu ya kupandisha ilikuwa imezoea kupandisha kila kilichomo katika folda ya dist, ambamo vifurushi vilivyojengwa huwekwa, na humo kulikuwa bado na mafaili ya 1.4.0, kwa hiyo ikasimama njiani kwa sababu ya faili lisilokubalika. Nikaisafisha folda. Saa kumi alfajiri ya Jumatatu toleo 1.4.1 lilikuwa ghalani.

Safari hii sikuamini macho ya kompyuta yangu. Nilitengeneza mazingira matupu katika folda nyingine, nikaliweka toleo kutoka ghalani kama mgeni yeyote, nikaliuliza namba kwa njia zote mbili, na pia nikaliuliza maji ya Jumatatu ile kompyuta ikiwa kwenye saa za Greenwich. Likajibu 1.4.1 mara mbili, na saa ya kupwa ikawa sahihi. Ndipo nilipoandika tangazo. Nililiandika kwa nafsi ya kwanza, nikaliweka juu kabisa ya daftari la mabadiliko: "Toleo 1.4.0 lilikuwa na hesabu sahihi lakini lilijitaja kama 1.3.2. Nilijaribu kulirekebisha bila kubadilisha namba, na kwa kufanya hivyo nililifuta ghalani na kuisogeza tagi yake kwa muda kati ya Jumamosi usiku na Jumapili jioni. Tagi imerudi mahali pake. Tafadhali tumieni 1.4.1. Kama mradi wako ulitaja 1.4.0 kwa jina, ubadilishe. Kama ulichukua tagi katika muda huo, ifute kwako na uichukue upya. Samahani kwa usumbufu." Nilihofia majibu. Watu wawili waliandika kushukuru, na mmoja wao alisema alikuwa ametumia Jumapili yake nzima akitafuta kwa nini faili alilolihifadhi halilingani tena na alama yake ya utambulisho. Huyo nilimwandikia barua peke yake.

Ujumbe wa simu ulianza kwenda Jumatatu asubuhi. Bamvua ilikuwa imeanza Jumapili. Wiki iliyofuata nilikwenda na yule kijana hadi kijiji kimoja cha Mkinga, kwa sababu nilitaka kuwaona watu ambao kwangu walikuwa mstari katika orodha ya watumiaji. Mama mmoja mtu mzima, aliyekuwa akianika mwani juu ya chanja, aliniambia yeye hakupoteza kitu.

"Mwanangu, mimi natazama mwezi," alisema. "Bibi yangu alitazama mwezi. Ila hawa wadogo wamezoea simu. Simu iliponyamaza walidhani maji bado."

Wale wadogo walikuwa wameikosa Jumapili, na wengine walichelewa Jumatatu. Siku za bamvua ambazo maji hupwa vya kutosha kufunga na kuvuna mwani ni chache katika kila nusu ya mwezi, na siku iliyopita haiwezi kufidiwa mpaka mwezi ujae au uandame tena. Hakuna aliyenilaumu, wala sikuambiwa kiasi cha fedha. Niliwaeleza kwa Kiswahili cha kawaida kilichotokea: kwamba saa zilikuwa sahihi ila jina la programu lilikosewa, na mfumo ukakataa kuziamini. Binti mmoja aliniuliza swali ambalo bado nalibeba. Kama saa zilikuwa sahihi, kwa nini mfumo haukuzitazama saa zenyewe, ukatazama jina? Nilimjibu kwamba mfumo hauna njia ya kujua kama saa ni sahihi. Hauoni bahari. Unachokiona ni jina, na kwa jina hilo huamua kama utaamini.

Katika wiki zilizofuata nilifanya kwa utulivu yale niliyotaka kuyafanya usiku wa Jumapili. Namba sasa inaandikwa mahali pamoja tu, kwenye pyproject.toml, na msimbo wenyewe unapoulizwa husoma maelezo ya kifurushi kilichowekwa, kwa njia ya importlib.metadata, ambayo ni sehemu ya Python tangu toleo lake la 3.8. Kile chombo cha kusoma tagi sikukirudisha. Ni kizuri, lakini kwa mradi wa mtu mmoja naona afadhali namba niiandike kwa mkono wangu huku nikiitazama. Nimeandika jaribio linalolinganisha tagi, kifurushi na jibu la programu, na lisipoona usawa seva hukataa kuendelea. Na kila toleo sasa hupita kwanza TestPyPI, ghala la majaribio ambalo limetengenezwa kwa kazi hiyohiyo, nami nililifahamu kwa miaka yote minne bila kulitumia hata mara moja.

Yule kijana naye alipitia upande wake, akakuta jambo ambalo lingetuumiza baadaye. Mfumo wake ulilinganisha matoleo kama maneno, herufi baada ya herufi, na kwa hesabu ya maneno 1.10 huja kabla ya 1.9, kwa kuwa moja hutangulia tisa. Siku ambayo ningefika 1.10.0 ungeirudia safari ileile ya kufuta na kupakua. Sasa anatumia maktaba ya packaging, inayojua kwamba kumi ni kubwa kuliko tisa. Kosa la ukoo huohuo liliwapata wengi ilipotoka Python 3.10 mwaka 2021. Walikuwa wameandika namba hiyo bila alama za kunukuu katika mafaili yao ya mipangilio ya YAML, ikasomwa kama desimali, sifuri ya mwisho ikadondoka, na seva zikaenda kutafuta Python 3.1. Tumekubaliana kwamba katika mafaili yetu yote namba ya toleo hufungwa ndani ya alama za kunukuu.

Ameweka pia kikomo: mfumo ukijaribu mara tatu bila kufanikiwa unaacha kupakua na kumpigia yeye simu. Na ujumbe kwa akinamama hausimami tena kimya. Mfumo ukiwa na shaka, unawatumia maneno aliyoyapendekeza yule mama wa chanja: "Leo hatuna uhakika wa saa. Tazameni mwezi."